Bima Ambayo Hakuna Aliyewahi Kuidai

Mthamini anaingia sebuleni na futi ya kupimia. Anapima chumba hadi chumba, anagonga kuta, anashuka chini ya nyumba kuangalia unyevu, anauliza paa liliezekwa lini. Mwenye nyumba anamfuata nyuma nyuma akitaja kila alichokarabati: madirisha, jiko, mabomba. Anataka bei iandikwe kubwa. Mwaka ni 1978, mahali ni Oak Park, jimbo la Illinois, mara tu unapovuka mpaka wa magharibi wa jiji la Chicago. Thamani itakayoandikwa kwenye fomu ile itakingwa na halmashauri ya kijiji.

Masharti ya bima hiyo yalikuwa mafupi. Unaandikisha nyumba unayoishi, inathaminiwa, unasubiri miaka mitano. Ukiuza baada ya hapo ukapata pungufu ya thamani iliyoandikwa, kijiji kinakufidia asilimia 80 ya hasara. Chukua mfano: nyumba imeandikwa dola 60,000, umeiuza 50,000. Kijiji kinakupa 8,000, wewe unameza 2,000.

Hakuna aliyewahi kudai hata senti.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Bima isiyodaiwa huenda ndiyo bima iliyofanya kazi kuliko zote. Au huenda ilikinga balaa ambalo halikuwapo. Na kila ninapodhani nimeshaamua, nakutana na jambo jingine la kijiji hiki linalonirudisha nilikoanzia.

Kijiji chenye stesheni za treni

Neno "kijiji" lisikupoteze. Ni jina la kisheria tu huko Illinois, na mwenyekiti wao wa kijiji anaitwa rais. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 54,583 waliobanana kwenye kilomita za mraba zipatazo 12, wakiwa na njia tatu za treni za kwenda katikati ya Chicago. Kilijitenga na Cicero na kuwa kijiji kamili mwaka 1902. Watalii wanakwenda kuona nyumba alizosanifu Frank Lloyd Wright na nyumba aliyozaliwa Ernest Hemingway mwaka 1899. Hao wawili wana wasimulizi wa kutosha.

Mimi nina shida na barabara moja. Inaitwa Austin Boulevard, na ndiyo mpaka wa mashariki wa kijiji. Ukisimama katikati yake, upande mmoja ni Oak Park, upande wa pili ni mtaa wa Chicago unaoitwa Austin. Mwaka 1960 pande zote mbili walikaa karibu Wazungu peke yao. Kufikia 1980, zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa upande wa Chicago walikuwa watu weusi. Upande wa Oak Park walikuwa asilimia 11.

Mti wa upande huu na mti wa upande ule unaweza kugusana matawi.

Dalali anapiga simu usiku

Ili uielewe ile bima inabidi uelewe biashara iliyoubadilisha mtaa wa Austin, kwa sababu ilikuwa biashara hasa, yenye hatua na hesabu zake.

Dalali anaanza na nyumba moja. Anahakikisha imenunuliwa na familia ya watu weusi, au hata inaonekana tu kana kwamba imenunuliwa. Kisha anapiga simu kwa majirani, mara nyingi usiku: "Umesikia nani anahamia mtaani kwenu? Mimi nakulipa taslimu, lakini bei ya leo haitakuwapo mwezi ujao." Anasimika bango la kuuza, kesho bango la pili, na mabango yenyewe yanaanza kuzungumza. Mzungu aliyekuwa hana mpango wa kuhama anahesabu mabango saba kati ya kwake na kanisani, anakubali bei ya chini.

Faida yenyewe iko kwenye hatua ya pili. Nyumba ileile inauzwa kwa familia nyeusi kwa bei ya juu mno, kwa malipo ya kila mwezi. Kwa nini wakubali? Kwa sababu mlango wa benki ulikuwa umefungwa. Tangu miaka ya 1930 ramani za serikali kuu zilikuwa zikipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, na shirika la serikali lililodhamini mikopo ya nyumba liliikwepa mitaa hiyo. Benki isiyodhaminiwa haikopeshi. Kilichobaki ni mkataba wa dalali: hati ya nyumba haibadiliki jina mpaka umalize malipo yote, na ukikosa mwezi mmoja unaweza kupoteza nyumba pamoja na kila ulichokwisha kulipa. Basi mnunuzi anafanya kazi mbili, anapangisha vyumba ili apate rejesho, matengenezo yanasubiri. Nyumba inachakaa. Jirani Mzungu anayepita anaangalia ule uchakavu na kusema, mnaona, niliwaambia.

Kilichoshusha bei kilikuwa ile simu ya usiku. Waliolaumiwa ni walionunua.

Kabla ya hapo, baruti

Oak Park haikuwa na moyo mweupe kuliko wengine. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na jamii ndogo ya watu weusi karibu na katikati ya mji, wapishi, madereva na wafanyakazi wa ndani wengi wao, na walijenga kanisa lao la Kibaptisti, Mount Carmel, mwaka 1905. Maduka yalipopanuka, jamii hiyo ikasukumwa ikatoweka, na kijiji kikazoea kujiambia kwamba watu weusi hawajawahi kuishi pale.

Mwaka 1950 Percy Julian alinunua nyumba kubwa kwenye East Avenue. Huyu alikuwa mkemia aliyepata shahada ya uzamivu Vienna, aliyegundua namna ya kutengeneza homoni kwa soya kwa gharama ndogo. Mkewe, Anna, alikuwa na shahada ya uzamivu ya sosholojia. Kabla hawajahamia, wakati wa Sikukuu ya Shukrani, watu waliingia wakamwaga mafuta ndani na kujaribu kuichoma nyumba. Juni 1951 dinamiti ilirushwa na kulipuka nje, karibu na chumba cha watoto. Mwanawe alisimulia baadaye kwamba usiku fulani alikaa na baba yake bustanini, juu ya mti, bunduki mkononi, wakilinda nyumba na kupiga soga.

Hawakuhama.

Lakini angalia miaka. Kutoka baruti ile mpaka sheria ndogo ya kijiji iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ni miaka 17. Mwaka 1964 wakazi kadhaa walilipia tangazo katika gazeti la Oak Leaves na kutia majina yao, wakisema kila mtu ana haki ya kuishi anakotaka. Hata hivyo sheria ilisubiri hadi Mei 1968, mwezi mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa na Bunge la Marekani kupitisha sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi huo. Anayekuambia Oak Park iliamka asubuhi moja ikapenda majirani wapya, mwombe akuonyeshe kalenda.

Meza ya Roberta Raymond

Sheria inakataza kumfukuza mtu mlangoni. Haiwezi kumlazimisha Mzungu abishe hodi. Hili ndilo jambo ambalo Roberta Raymond, mwenyeji wa Oak Park, aliliona mapema kuliko wengi. Mwaka 1972 aliongoza kuanzishwa kwa Kituo cha Makazi cha Oak Park. Silaha yake haikuwa hotuba. Ilikuwa meza, simu, na orodha ya fleti zilizo wazi.

Mpangaji anaingia, anajaza fomu: vyumba vingapi, pango kiasi gani, anahamia lini. Mshauri anamsikiliza, kisha anamwonyesha orodha. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mzungu angeachwa peke yake asingefikiria jengo lililo karibu na Austin Boulevard, kwa hiyo mshauri analitaja hilo, anasifu ukubwa wa vyumba na ukaribu wa treni, na kuna mtu wa kumsindikiza akaone. Mtu mweusi ameshaambiwa na jamaa zake kwamba huko mashariki ndiko wanakopokea watu wetu, kwa hiyo anaonyeshwa majengo ya katikati na ya magharibi ambayo asingebisha hodi mwenyewe. Uamuzi unabaki kwa mpangaji. Akisema nataka palepale, anapewa palepale.

Lakini meza tupu haimuuzii mtu fleti inayovuja. Majengo ya kupanga ya upande wa mashariki yalikuwa na maradhi yanayojulikana: mwenye jengo akiamini thamani inakwenda chini, anaacha kutia pesa. Boila inakufa Januari, taa ya mlango wa nyuma haibadilishwi, mpangaji mwenye uwezo anaondoka, nafasi inakaa wazi, pango linashushwa, pesa za matengenezo zinazidi kupungua. Kijiji kilikata mnyororo huo kwa njia tatu. Majengo ya kupanga yalikaguliwa. Wenye majengo walipewa ruzuku na mikopo ya ukarabati. Na waliopokea pesa hizo walifunga mkataba wa miaka kadhaa wa kukiruhusu Kituo kiwaletee wapangaji, ili jengo lisijazwe watu wa rangi moja.

Halafu kulikuwa na majaribio ya siri. Unatuma watu wawili, mweusi na Mzungu, wenye kipato kile kile na maswali yale yale, kwa mwenye jengo yule yule, saa chache zimepishana. Mmoja akiambiwa "imeshachukuliwa" na mwingine akakaribishwa aone jiko, una kesi.

Kuna pia suala la mabango. Wasomaji wa Dar wanajua kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI". Oak Park ilikuwa na kinyume chake: tangu mapema miaka ya 1970 ilikuwa marufuku kusimika bango la kusema nyumba inauzwa, ili pasiwepo na mtu wa kuyahesabu akielekea kanisani. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Willingboro huko New Jersey, ilisema marufuku ya namna hiyo inavunja uhuru wa kusema. Oak Park madalali waliendelea kutosimika, kwa makubaliano tu.

Mwaka 1975 halmashauri ilihamia jengo jipya lililosanifiwa na Harry Weese, barabara ya Madison, upande wa mashariki. Wangeweza kulijenga penye maduka. Mwenye nyumba wa mashariki aliyekuwa akijiuliza kama kijiji kimemtelekeza alipata jibu la matofali.

Sasa irudie ile bima

Ukiiangalia baada ya hayo yote, masharti yake yanaanza kusema.

Kwa nini asilimia 80 na si 100? Kwa sababu mtu anayefidiwa yote hana sababu ya kupaka rangi wala kubishana na mnunuzi. Ile 20 inamfanya aendelee kuitunza nyumba kama yake. Kwa nini miaka mitano? Kwa sababu biashara ya dalali wa usiku inaishi kwa haraka. Akikupigia kukuambia bei ya leo kesho haipo, wewe una karatasi inayosema bei ya leo itakuwapo baada ya miaka mitano. Simu inakosa meno. Na kwa kuwa huhami, jirani yako haoni bango, naye hahami, na ile bei iliyodhaminiwa haishuki. Bima inazuia moto kwa kuwapo kwake tu ndani ya droo.

Walioandikisha nyumba walikuwa wachache sana kati ya maelfu waliostahili. Hili kwangu ndilo ushahidi bora. Ilitosha watu kujua kwamba ipo.

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza.

Inakinga nini?

Bima ya moto inakinga moto. Bima ya mafuriko inakinga mafuriko. Hii ilikinga nini?

Ilikinga jirani mweusi. Andika utakavyo, pamba maneno ya kisheria, hatari iliyotajwa bila kutajwa ni familia inayohamia nyumba ya pili. Miaka kumi baadaye, mpango wa namna hiyo ulipopigiwa debe kwa mitaa ya Wazungu ndani ya Chicago, madiwani weusi waliupinga kwa sababu hiyohiyo: mnatufanya sisi janga la asili. Ulipitishwa na jimbo mwaka 1988 hata hivyo.

Na meza ya Kituo nayo ina upande wa pili. Hoja nzima ya kuwatawanya wapangaji ni kwamba weusi wengi mahali pamoja ni tatizo, ilhali Wazungu wengi mahali pamoja ni mtaa tu. Miaka ya 1970 mwanzoni kuna waliopendekeza kuweka kikomo, asilimia 30 ya watu weusi kisha basi. Pendekezo lilikataliwa, na vizuri, maana mwaka 1988 mahakama ya rufaa iliharamisha mgawo wa namna hiyo katika majengo ya Starrett City, New York. Mwaka 1991 mahakama nyingine ya rufaa, Chicago, iliruhusu juhudi za kuwavutia wapangaji wa rangi ambayo haifiki mahali fulani, mradi hakuna anayenyimwa. Uzi kati ya hizo mbili ni mwembamba: kumwonyesha mtu fleti ya ziada ni halali, kumficha fleti ni ubaguzi. Mshauri mmoja mezani, siku moja yenye foleni, anaweza kuuvuka bila kujua.

Halafu kuna mitaa iliyofungwa. Ukipita Austin Boulevard utaona baadhi ya barabara ndogo za upande wa Oak Park zimezibwa zinapokutana nayo, zimegeuzwa vichochoro visivyo na mwendelezo kwa gari. Sababu iliyotolewa ni magari kupita kwa kasi. Mkazi wa Austin anayetazama ukingo ule wa saruji kutoka ng'ambo ana haki ya kuwa na tafsiri yake.

Sidhani haya yanaifuta kazi yote. Mwaka 2000 asilimia kama 22 ya wakazi wa Oak Park walikuwa weusi, na waliishi karibu kila pembe ya kijiji. Katika vitongoji vya Marekani hilo si jambo dogo. Kwingi, kutoka asilimia 11 hadi 22 kilikuwa kipindi cha kupita tu kuelekea 90. Lakini nani aliombwa kubadili mahali pake ili Mzungu asiogope? Naliuliza kwa sababu gharama hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha hesabu cha kijiji.

Jengo moja, madarasa mawili

Shule nitazipita haraka, ingawa zinastahili makala yao. Mwaka 1976 shule za msingi zilipangwa upya na wanafunzi wakubwa wakakusanywa katika shule mbili za kati, ili isiwepo shule ya mashariki na shule ya magharibi. Leo shule hizo zina majina ya Percy Julian na mshairi Gwendolyn Brooks. Shule ya sekondari ni moja, wanayochangia na kijiji jirani cha River Forest. Kwa hiyo mlango ni mmoja. Ndani ya mlango, madarasa ya masomo ya juu yalijaa Wazungu na yale ya kawaida yakajaa weusi, miaka nenda miaka rudi, na ni juzi tu, kuanzia 2022, ndipo kidato cha kwanza kilipoanza kuchanganywa katika masomo makuu. Wazazi wanabishana mpaka sasa.

Hatari iliyobadilika sura

Bei haikushuka. Ilipanda, na haijasimama.

Shule na huduma za Oak Park zinalipiwa zaidi na kodi ya majengo, na kijiji hakina viwanda wala maduka makubwa ya kubeba mzigo. Hati moja ya kodi inakusanya pesa za kijiji, shule za msingi, sekondari, maktaba, bustani, kaunti na wengine. Kila chombo kinasema kinahitaji kiasi gani. Thamani ya nyumba inaamua tu nani abebe fungu gani. Mwenye nyumba analipa moja kwa moja, mpangaji analipa ndani ya pango bila kuuona mstari wake. Mstaafu mweusi aliyenunua 1979, aliyelipa mkopo wote, anaweza kukuta kodi inakaribia rejesho la zamani. Sensa ya 2020 iliwakuta watu weusi wamerudi chini ya asilimia 20.

Mwaka 2019 kijiji kilipitisha sheria ndogo inayowataka wanaojenga majengo makubwa karibu na stesheni watenge fleti moja kati ya kumi kwa wenye kipato cha chini, au walipe pesa badala yake. Njia ya kulipa ipo, na mjenzi ni mtu wa hesabu.

Hakuna aliyebuni bima ya bei kupanda.

Kaunti ya Cook huthamini nyumba upya kila miaka mitatu. Barua inafika na thamani mpya. Mwenye nyumba anapata takriban siku 30 za kukata rufaa, na wengi wanakata. Anapiga picha ufa wa ukutani, unyevu wa chini ya nyumba, paa lililozeeka. Anatafuta nyumba tatu nne za jirani zilizothaminiwa kwa bei ndogo kuliko yake, anaziambatanisha, anajaza fomu, anaomba iandikwe kwamba nyumba yake haina thamani kubwa kiasi hicho.